Anwani Zote Ziende Mwanzo

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, Fundi aliwasha kompyuta yake, akafuta vumbi la skrini kwa mkono wa sweta, akafungua ripoti ya makosa ya tovuti. Tovuti yenyewe ilikuwa ya kampuni ya ujenzi wa reli, ile iliyotoboa mlima ili treni zipite, na Fundi ndiye aliyeitunza peke yake katika chumba cha ghorofa ya pili, ukuta kwa ukuta na choo. Ripoti ilikuwa nyekundu kutoka juu mpaka chini. Tangu walipohamia kwenye tovuti mpya wiki iliyotangulia, watu zaidi ya mia nne kila siku walikuwa wakiomba ukurasa na kujibiwa kwamba haupatikani.

Hakuhitaji kuchunguza sana. Anwani zilizoombwa zilikuwa thelathini, zilezile kila siku, kuanzia alfajiri. Zilikuwa kurasa za wafanyakazi waliofukiwa handakini miaka sita nyuma, kila mmoja na picha yake, jina lake na kazi yake. Hawakuwahi kutolewa, kwa hiyo hawakuwa na makaburi, na ndugu zao walikuwa wakizifungua kurasa zile kabla ya kwenda kazini, kama mtu anavyopita kumjulia hali jirani. Kwenye tovuti mpya kurasa hizo hazikuwepo.

Alishuka kumuuliza meneja wa mawasiliano. Huyu walimwita Tabasamu, kwa sababu alitabasamu hata siku aliyokuwa akimfukuza mtu kazi.

"Hatujazifuta," Tabasamu alimwambia. "Hatukuzihamisha tu. Kuna tofauti hapo, dada."

"Na hao wanaoziomba niwajibu nini?"

"Mimi ninachotaka ni ripoti ya kijani. Ijumaa waziri anakuja kufungua njia ya pili, na mtu wake mmoja huwa anazikagua tovuti. Utafanyaje, hilo ni lako, wewe ndiye fundi."

Na kweli ndiye alikuwa fundi, ila njia aliyoingilia kazini inafaa isemwe. Kati ya waliofukiwa alikuwamo mumewe, fundi umeme wa handaki, ambaye wenzake walimwita Waya. Miezi miwili baada ya mkasa, kampuni ilimpa mkewe ajira iwe kifuta machozi, naye akaikubali, kwani machozi yalikuwepo na kodi ya nyumba pia. Wiki ya kwanza kazini alifanya jambo ambalo hakutumwa. Alimtoa Waya kwenye ile safu ya watu thelathini na mmoja, akamjengea ukurasa wake peke yake, kwenye anwani iliyojulikana na yeye na mama mkwe wake basi. Hakutaka kumwona kwenye foleni ile. Ukurasa ulikuwa na picha, na chini ya picha sauti ya nusu dakika, Waya akieleza jinsi ya kuunga nyaya za handakini, akikatika katikati kwa kicheko kwa sababu kuna mtu nyuma yake ameangusha spana. Kila jioni wakimaliza kula, mama mkwe alikuwa akisema, "Haya, niwekee mwanangu," naye anamwekea, wanasikiliza mpaka spana ianguke. Ukurasa huo aliuhamisha yeye mwenyewe kwa mkono wake, na ulikuwa mzima kabisa.

Zile thelathini hakuwa na mahali pa kuzitoa. Seva ya zamani ilikuwa imeshazimwa na kuuzwa. Basi akafanya lile ambalo kila fundi wa tovuti anajua halifai, na karibu kila mmoja amelifanya siku ya kuzidiwa. Aliandika kanuni ya mstari mmoja: anwani yoyote isiyopatikana, anayeiomba apelekwe ukurasa wa mwanzo. Ni sawa na kumshika mkono mgeni aliyeulizia chumba fulani, ukampeleka mlango wa mbele na kumwacha hapohapo. Mgeni hapati alichokifuata, lakini hakuna tena anayeandikiwa kosa. Kufika saa ya chakula ripoti ilikuwa kijani tupu, na Tabasamu akampigia simu kumpongeza.

Kesho yake, Jumanne, saa mbili kamili, watu thelathini waliingia kwa mlango wa mbele wa kampuni.

Waliingia kwa mstari, mmoja mmoja, wakikung'uta viatu kwenye zulia la mlangoni. Walikuwa na vumbi la kijivu mpaka kwenye kope, na kofia ngumu zao wamezibana kwapani. Mama Mapokezi alikuwa pale kaunta mwaka wa ishirini sasa. Ameshaona wakurugenzi wanne wakija na kuondoka, na si mtu wa kubabaishwa na wageni. Aliwaitikia salamu, akafungua kitabu.

"Mnatoka wapi?"

"Handakini," alijibu nyapara wao, mtu mfupi mwenye sauti nzito.

"Mnataka kumwona nani?"

"Yeyote anayehusika, mama."

Mama Mapokezi akaandika *yeyote anayehusika* mara thelathini. Beji za wageni zilikwisha kwa mtu wa kumi na nane, akakata boksi la karatasi, akawagongea waliobaki mhuri juu ya vipande. Kisha akawaonyesha mabenchi. Kwenye kitabu kulikuwa na safu ya mwisho, ya maoni, naye alikuwa mtu wa kujaza safu zote, kwa hiyo akamuuliza nyapara kama wana maoni yoyote.

"Hatuna neno kubwa," nyapara akasema. "Andika tu kwamba tuligonga bomba la maji kwa nyundo, kwa zamu, siku tisa. Siku ya tatu tukasikia mashine za uokoaji zinaondoka. Tukajua wameenda kuleta kubwa zaidi. Basi tukaendelea kugonga, ili wakirudi wasipotee njia."

Mama Mapokezi aliandika yote, akapiga mstari chini yake kwa rula. Taarifa ya kampuni ilisema waokoaji walichimba usiku na mchana kwa siku kumi na nne bila kusikia sauti yoyote. Taarifa hiyo ilikuwa kwenye tovuti mpya. Hiyo walikumbuka kuihamisha, wee, tena na nukta zake zote.

Tabasamu alishuka, akakisoma kitabu akiwa amesimama, akatabasamu, akaondoka nacho. Kabla ya adhuhuri kaunta ilikuwa na kitabu kipya kisicho na safu ya maoni.

Fundi aliitwa chini. Alipotokea tu kwenye ngazi, mabenchi yote yakalipuka kwa pamoja: "Shemeji!" Alikuwa amewapikia watu hawa. Walikuwa wakija kwake siku za mapumziko, wanakaa sakafuni, wanacheza karata na kumwibia Waya zamu. Akawapa mkono mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mkono aliangalia benchi linalofuata. Alipofika wa thelathini, moyo ulikuwa umemwanguka chini kama mfuko uliokatika mshikio.

Aliwaza kifundi, kwa sababu ndiyo njia aliyoijua ya kutolia mbele za watu. Alimchukua dereva wa winchi, mtu mwepesi wa kununa, akampiga picha kwa simu, akapanda juu, akamjengea ukurasa kwenye anwani yake ya zamani. Aliposhuka, nafasi ya dereva kwenye benchi ilikuwa tupu, na picha yake ilikuwa inafunguka vizuri kwenye simu ya kila mtu. Akaufuta ukurasa. Baada ya dakika kumi dereva akaingia tena kwa mlango wa mbele, ila hakuwa na sauti. Midomo ilikwenda na hakikusikika kitu. Fundi alifikiri kidogo, akaifuta na ile picha iliyobaki kwenye simu. Ndipo dereva akaweza kulalamika.

"Usinirudishe kule tena, shemeji. Kule mtu hata kujikuna huwezi."

Hivyo jambo likawa limeeleweka. Mwenye ukurasa alikuwa kwenye ukurasa wake. Asiye na ukurasa aliletwa mwanzo. Mwanzo ndio ulikuwa mwisho pia, kwa sababu mke mmoja alipokuja mbio na kumshika mumewe mkono waende nyumbani, walifika mpaka ngazi za nje, kisha mke akajikuta ameshika hewa, na mume yuko ndani amekaa kwenye benchi lake. Saa kumi na moja jioni mlinzi alipofunga mlango hawakuwepo. Saa mbili asubuhi alipofungua waliingia kwa mstari wakikung'uta viatu.

"Shemeji," nyapara alimwita pembeni. "Nimehesabu mara tatu. Mmoja wetu hayupo. Waya yuko wapi?"

"Yupo mahali pengine."

"Pazuri?"

Fundi alipanda ngazi haraka, akaingia chooni, akafungua bomba ili asisikike.

Jumatano, Tabasamu alimwita ofisini na kumfungia mlango.

"Wale watu pale chini hawana ubaya," alianza. "Lakini Ijumaa saa nne waziri anapita mlango uleule. Nimeongea na kijana mmoja anayejua mambo yenu. Ananiambia kuna jibu la mia nne na nne, na kuna jibu la mia nne na kumi. Nieleze wewe."

Fundi akaeleza. Mia nne na nne ni kusema: ulichoomba hakipatikani, labda kesho, labda anwani imekosewa, endelea kutafuta. Mia nne na kumi ni kusema: kilikuwepo, kimeondolewa moja kwa moja, usirudi kuuliza. Ukilitoa jibu hilo hata mitambo inayotafuta kurasa duniani kote inaacha kutafuta, inafuta jina kabisa.

"Hilo ndilo," Tabasamu akasema. "Hili la haipatikani, haipatikani, linawapa watu matumaini bure. Si utu. Weka mia nne na kumi kwa wote wasiopatikana, kabla ya Ijumaa saa nne."

"Nikiweka, hawatakuja tena. Popote."

"Dada yangu, wewe mwenyewe umefiwa. Unajua uzito wa kutokujua."

Fundi hakuwa amefiwa. Hakuna aliyewahi kumwambia amefiwa, hata cheti hakuwahi kupewa, na kila alipokwenda kukiomba alijibiwa kwamba mwili haujapatikana. Alikaa miaka sita katikati ya mke na mjane, watu wakimsalimia kwa uangalifu. Lakini hayo hakumwambia Tabasamu. Alisema sawa, akatoka.

Jioni ile walikula kama kawaida. Mama mkwe akasukuma sahani, akasema, "Haya, niwekee mwanangu." Fundi hakuichukua simu. Akamweleza kila kitu tangu mwanzo: wale thelathini, dereva wa winchi, sauti iliyopotea mpaka picha ilipofutwa. Akamweleza kwamba Waya haji kwa sababu ukurasa wake uko hai, na uko hai kwa sababu yeye ndiye aliyemtenga na wenzake. Akimfuta, na nakala zote, ile sauti na kile kicheko, atakuja. Lakini Ijumaa saa nne anatakiwa aweke lile jibu jingine, na aliyefutwa wakati huo amekwenda.

"Kwa hiyo nikisema usifute, ninabaki na picha," mama mkwe akasema.

"Unabaki na picha, mama. Na sauti."

"Nikisema ufute, ninamwona lini?"

"Kesho."

"Kesho tu?"

"Kesho nina hakika. Ya Ijumaa sijui."

Mama mkwe akarundika sahani moja juu ya nyingine. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, asiyeacha kumkosoa mkaza mwana kuhusu chumvi na mapazia, lakini usiku ule hakukosoa kitu.

"Ile picha nimeiita kila siku," alisema mwishowe. "Haijawahi kuniitikia hata siku moja. Futa, mwanangu. Ila niwekee mara moja ya mwisho."

Akamwekea. Spana ikaanguka, Waya akacheka, na mama mkwe akacheka pamoja naye kama ndiyo kwanza anaisikia. Fundi alimtamani mumewe wakati ule hata mikono ikamuuma, hasa viganja, akavibana katikati ya magoti.

Alhamisi saa moja na nusu alikuwa ameshakaa kazini. Alifuta ukurasa. Alifuta nakala ya kwenye simu yake, ya simu ya mama mkwe, na ile aliyoificha kwenye folda aliyoipa jina la risiti ili hata yeye mwenyewe asiifungue ovyo. Kila mara mashine ilimuuliza kama ana hakika, naye akabofya ndiyo. Kisha akashuka kusimama karibu na kaunta, mama mkwe yuko pembeni yake amevaa viatu vya kutokea.

Saa mbili mlango ulifunguliwa. Waliingia thelathini, na nyuma yao akaingia Waya, akikung'uta viatu zaidi ya wote kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na umri uleule. Wakati wanaoana alikuwa amemzidi mkewe miaka miwili. Sasa mke ndiye aliyemzidi minne, na mvi mbili tatu juu.

"Mama," alisema kwanza, kama inavyostahili.

"Abee, baba," mama mkwe akaitikia. Akamshika masikio yote mawili, kama alivyomshika utotoni kabla ya kumwogesha.

Kisha Waya akamgeukia mkewe. "Umekonda wewe."

"Na wewe umechafuka."

"Nisamehe, nimechelewa. Nilikuwa mahali nimesimama tu, natabasamu, na kila jioni ninasikia mtu anapumua karibu yangu. Sikuweza kugeuka kuangalia ni nani."

"Ni mimi," Fundi akasema. "Nilikuwa mimi na mama."

Alilia hapohapo kaunta, kwa sauti, na Mama Mapokezi akageuza uso na kuanza kupanga kalamu. Baada ya hapo akamwandikia Waya kipande cha boksi, namba thelathini na moja.

Ijumaa asubuhi Fundi aliandika ile kanuni ya mia nne na kumi, mstari mmoja, akaukagua, na haukuwa na kosa. Kilichobaki ni kubofya kitufe. Aliketi na kuutazama. Saa tatu Tabasamu akapiga simu, akajibiwa bado inapakia. Saa nne kasorobo akapiga tena, akajibiwa mtandao uko chini. Saa nne waziri akaingia.

Hakikutokea kitu. Waziri aliwakuta watu thelathini na mmoja wamekaa kwa adabu, wamevaa sare za kampuni na vumbi la kazi, akadhani wamepangwa kwa ajili yake. Akawapa mkono wote. Alimuuliza nyapara wanaendeleaje na kazi, nyapara akasema wanasubiri, waziri akasema subira ni jambo jema, akapigwa picha katikati yao. Kwenye picha iliyochapishwa anaonekana waziri amekaa peke yake kwenye benchi refu, ameukunja mkono kwenye bega la hewa. Hakuna aliyeuliza. Alikwenda akakata utepe, treni ya kwanza ya njia ya pili ikapita, na wale waliofukiwa, wakiwa kwenye mabenchi yao, walisema mtikisiko ulikuwa mdogo tu.

Tabasamu alimwita Fundi jioni, amefurahi sana. "Lile jambo letu liache lilivyo," alisema. "Kumbe wanakaa vizuri tu."

Tangu hapo wamekuwa wakikaa. Kampuni iliweka kibao kilichoandikwa *Chumba cha Kusubiri*, na baadaye ikafungua mlango mwingine upande wa maegesho kwa ajili ya wageni wenye haraka. Kila saa saba Fundi anashuka na chakula chake. Waya hali, lakini anapenda kuona anavyokula, na anamchagulia kipande cha kuanza nacho. Wanagusana vidole. Wanaongea habari za paa linalovuja, za mapazia ya mama, za jirani aliyehama. Saa nane kamili anapanda ghorofani, na kutoka pale mpaka kesho yake anamkosa zaidi ya alivyomkosa miaka yote sita, maana sasa anajua yuko ngazi ishirini na mbili chini yake na hawezi kulala naye chumba kimoja.

Siku moja, si siku ya kitu chochote, alikuwa anafunika bakuli lake Waya alipomsogelea na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuonekana msumbufu:

"Mke wangu, wewe ni wa humu ndani. Hebu niambie mimi tu. Wamefika mita ngapi?"

"Nani?"

"Wanaochimba."

Fundi alihisi mabenchi yakinyamaza. Watu thelathini walikuwa wanatazama sakafu, kila mmoja ameinamisha sikio upande wake. Alielewa kwamba wote walikuwa na swali hilo tangu siku ya kwanza, na kwamba waliona haya kuuliza. Alikuwa amezisoma ramani. Zilikuwa kwenye tovuti. Pale walipokuwa pamefungwa kwa zege la mita kumi na mbili mwezi uleule wa mkasa, na njia ya pili imekunja kona kando yake. Hakuna mtu aliyekuwa anachimba. Beji ya kampuni ilikuwa shingoni mwake, na mkono wa Waya, wenye vumbi, ulikuwa juu ya goti lake.

"Wamekaribia," akasema.

Waya alishusha pumzi. Akainama, akamnong'oneza nyapara, nyapara akamwambia dereva wa winchi, na neno likapita kichwa hadi kichwa, benchi hadi benchi, mpaka kwa mtu wa mwisho aliyekuwa karibu na mlango. Yule akainuka, akajitazama mikono, akaenda kaunta na kumuuliza Mama Mapokezi kama kuna maji ya kunawa, kwa sababu wakitolewa kutakuwa na watu wengi nje, wake zao na watoto, na hawapendi waonekane hivi walivyo.

Mama Mapokezi akaenda kuleta beseni.